Mbuzi wa tatu, mbuzi watatu

Bango lilibandikwa sehemu mbili pale Uyole, karibu na njia panda ambapo barabara ya Tukuyu inaachana na ile ya Iringa. Moja lilikuwa kwenye nguzo ya umeme, jingine ukutani kwa muuza vocha. Lilichapwa kwa herufi kubwa, na sehemu ya zawadi ilisomeka hivi:

BINGWA: KOMBE, JEZI SETI MOJA NA MBUZI WAWILI
MSHINDI WA PILI: MBUZI WATATU
MSHINDI WA TATU: MPIRA MMOJA

Lilikaa pale wiki tatu. Mimi mwenyewe nilisimama mbele yake, nikalinakili kwenye daftari, na Ijumaa kabla ya fainali nikalisoma redioni katika habari za michezo za mtaani. Sikuona kitu. Kisa chote ninachokichambua hapa kimo katika mstari ule wa kati, na sehemu ya lawama ni yangu.

Mashindano yenyewe yalikuwa ya kawaida ya kiangazi, miezi ile baridi ya Mbeya inapopasua midomo na viwanja vya vumbi vinakuwa vigumu kama saruji. Timu nane, kiingilio Sh 50,000 kila moja. Mfanyabiashara mmoja wa viazi alitoa mbuzi. Hakutoa watano wala wanne, alitoa watatu tu. Kamati ikakaa, ikagawa: bingwa achukue wawili, na yule anayebaki aende kwa mshindi wa pili. Katibu aliandika katika daftari la kikao sentensi ambayo mpaka leo naiona safi kabisa: “Iliamuliwa mbuzi wawili waende kwa bingwa na mbuzi wa tatu aende kwa mshindi wa pili.”

Kisha akalifupisha hilo katika ujumbe wa simu na kuupeleka stesheneri ili lichapwe bango. Katika ufupisho, kitenzi kilidondoka. Kikabaki “mshindi wa pili mbuzi wa tatu.”

Binti wa stesheneri akafanya alichofundishwa. Kila mwalimu wa Kiswahili nchini amekesha akipiga mistari myekundu chini ya “wa na soma”, “ni me fika” na “wana funzi wa tatu.” Tumewakaripia watoto miaka yote waache kukatakata maneno. Huyu alisikia. Alipoona “mbuzi wa tatu” akaona kosa lile lile la kila siku la watu wanaoandika kwa kidole gumba, akaliunganisha. Mstari uliofuata, “mshindi wa tatu”, aliuacha kama ulivyo, kwa sababu pale alijua ni cheo. Ukiniuliza, katika mlolongo mzima wa kisa hiki yeye ndiye aliyeijua sarufi kuliko wote, na ndiye aliyeharibu.

Fainali ilichezwa Jumapili. Vijana wa bodaboda waliwafunga wapakiaji wa viazi mabao mawili kwa moja. Kabla ya hapo, dakika ya 71, wapakiaji walikuwa wamepata penalti na kuipaisha juu ya mwamba. Wakati ule ilikuwa penalti mbaya tu. Jioni, baada ya bango kusomwa upya na watu wenye hasira, ikaanza kutazamwa kwa jicho jingine: nani ahangaike kupata mbuzi wawili wakati wa pili ana watatu?

Wakati wa kugawa zawadi mwenyekiti alikabidhi kombe, jezi na kamba mbili kwa bingwa. Akawaita wapakiaji, akampa nahodha wao kamba moja. Nahodha hakuishika. Alimtazama mbuzi, akatazama nyuma ya mbuzi, halafu akauliza kwa adabu:

“Mzee, wenzake wako wapi?”

Jumanne jioni tulikaa. Niliitwa kwa sababu mbili: kwamba ni mtu wa maandishi, na kwamba nililisema jambo hilo hewani. Nahodha alikuja na picha ya bango katika simu yake. Katibu alikuja na daftari la kikao. Kila mmoja alikuwa na maandishi, na kila maandishi yalikuwa sahihi kwa namna yake. Nikadhani kazi itakuwa rahisi: bango lilikosewa, daftari ndilo lenye uamuzi, tusameheane. Ndipo nahodha akasema hakulitegemea bango peke yake. Alimpigia mwenyekiti simu siku mbili kabla ya nusu fainali, na mwenyekiti alithibitisha.

Mwenyekiti hakukana. Walipoyarudia mazungumzo yale mbele yetu, kila mmoja kwa zamu yake, yalikuwa hivi:

“Shikamoo mzee. Naulizia zawadi ya mshindi wa pili. Ni mbuzi wangapi?”

“Marahaba. Ni wa tatu, kijana wangu, kama ilivyoandikwa.”

“Watatu. Ndaga, mzee,” yaani asante.

Nimeyaandika nilivyoelewa kila mmoja alikusudia nini, na hapo hapo nimedanganya kidogo, maana masikioni hapakuwa na tofauti yoyote. Mwenyekiti anaapa aliulizwa “mbuzi wa ngapi”, yaani yule wa namba gani kati ya watatu waliofungwa nyumbani kwake. Nahodha anaapa aliuliza “wangapi.” Wote wawili wanasema kweli. Mkazo wa neno la Kiswahili huangukia silabi ya pili kutoka mwisho. “Watatu” mkazo uko kwenye “ta”. “Wa tatu” mkazo uko pale pale, kwa kuwa “wa” haina mkazo wake, huegemea neno linaloifuata. Waliongea dakika nzima, wakakubaliana, wakaagana kwa heshima, na kila mmoja akakata simu akiwa na idadi yake ya mbuzi.

Nilichosema mimi redioni Ijumaa kina hali hiyo hiyo. Nilisoma “watatu” kutoka katika daftari langu, lakini msikilizaji aliyejua uamuzi wa kamati angeweza kuapa nilisema “wa tatu.” Mwenyekiti alikuwa akinisikiliza siku ile. Hakushtuka hata kidogo.

Kwa nini jambo hili halitokei kila siku, wakati magazeti na redio zetu zinamwaga namba za mpangilio kila dakika? Niliondoka kikaoni na swali hilo, na nililibeba siku kadhaa.

Kiswahili kina maneno maalumu ya mpangilio kwa nafasi mbili tu za mwanzo. “Kwanza” ni kitenzi kuanza kilichokaa kama jina. “Pili” ni ndugu wa mbili aliyejitenga. Kuna na “mosi”, ambayo leo tunaisikia katika Mei Mosi, Jumamosi, na katika majina ya miezi ya watu wa pwani: Mfunguo Mosi, Mfunguo Pili. Kuanzia tatu, duka limefungwa. Jumatatu, Jumanne, Jumatano: namba ni ile ile ya kuhesabia viazi. Tena wiki yetu ina tano mbili, maana Alhamisi nayo ni tano ya Kiarabu, lakini hilo tuliache lipite.

Kwa hiyo kuanzia tatu na kuendelea, kitu pekee kinachotenganisha cheo na wingi ni kale kaneno kadogo katikati: ya, la, cha, wa. Mechi tatu ni idadi. Mechi ya tatu ni moja tu. Mabao manne yanaua mchezo. Bao la nne linaweza kuwa la kufutia machozi. Vikombe vitatu, kikombe cha tatu. Karibu kila ngeli inatulinda, kwa sababu umbo la umoja na la wingi ni tofauti, au kwa sababu kiunganishi hakifanani na kiambishi cha namba. Ni mahali pamoja tu ulinzi unapovunjika: pale kiunganishi ni “wa” na kiambishi cha wingi pia ni “wa”.

Hata hapo, watu wengi wanaokolewa na jina lenyewe. “Mchezaji wa tatu” hawezi kuwa “wachezaji watatu”, maana m- na wa- zinapiga kelele. Lakini mbuzi ni mbuzi, awe mmoja au mia. Vivyo hivyo ng’ombe, kondoo, kuku, askari, kaka, dada. “Kaka wa nne” na “kaka wanne” ni familia mbili tofauti kabisa, na katika simu huwezi kuzitofautisha. Nilijaribu kuhesabu namba zenye hatari nikakuta ni nne tu katika kumi za mwanzo: tatu, nne, tano na nane. Moja na mbili zimeokolewa na kwanza na pili. Sita, saba, tisa na kumi hazichukui kiambishi, kwa hiyo “mbuzi sita” na “mbuzi wa sita” haviwezi kugombana. Mfadhili wetu angetoa mbuzi wawili, kila mshindi mmoja, katibu angeandika “mbuzi wa pili” na hakuna mtu angekuja kikaoni. Tulipigwa na hesabu yenyewe: namba mbaya, mnyama mbaya, siku mbaya.

Nikarudi kuangalia maandishi yangu ya zamani, nikaona kwamba nimekuwa nikiteleza kwenye ukingo huu miaka mingi bila kuanguka. Msimu wa 2013/14 Mbeya City ilicheza Ligi Kuu kwa mara ya kwanza ikiwa chini ya Juma Mwambusi, na ikamaliza nyuma ya Azam na Yanga, mbele ya Simba. Watu wa hapa hawajachoka kuusimulia msimu ule, ingawa Azam walikuja kutwaa ubingwa wao hapa hapa Sokoine, kwa kuifunga City 2-1. Njia salama ya kuandika ni “ilishika nafasi ya tatu.” Lakini redioni tunapenda kuwaita timu kama watu, na mara nyingi tunasema “Mbeya City wamemaliza wa tatu.” Sikiliza sentensi hiyo kwa masikio ya mtu aliyefungua redio sasa hivi. Wamemaliza watatu? Wengine wanane walipewa kadi nyekundu?

Kuna aina nyingine ya mchanganyiko ambayo haitokani na nafasi kati ya herufi bali na kutojua unahesabu nini. Novemba 2022, Ihefu, wakati ule ikiwa Mbarali, iliifunga Yanga 2-1 pale Ubaruku na kukata mfululizo wa mechi 49 za ligi bila kupoteza. Mfululizo ulikuwa wa mechi 49; kipigo kilikuja katika mechi ya 50. Nilisikia na kusoma “rekodi ya mechi 50” mara nyingi wiki ile. Aliyesema hivyo aliivuta mechi ya 50 ndani ya hesabu ya zile za kutofungwa, kumbe ndiyo iliyoivunja. Kaneno “ya” kalidondoka, na Yanga wakapewa mechi moja ya bure.

Dakika nazo zina mtego huo. Saa ya uwanjani inaonyesha dakika zilizokwisha: ikisoma 23:10, dakika 23 zimekamilika na ya 24 imeanza. Bao likiingia hapo ni la dakika ya 24. Mwandishi anayetazama kioo na kuandika “dakika ya 23” amechukua idadi akaivika kilemba cha mpangilio. Ndiyo maana taarifa mbili za mechi moja hupishana kwa dakika moja, na wasomaji hudhani mmoja wetu alikuwa amesinzia. Katika fainali ya mbuzi, bao la ushindi niliandika dakika ya 89. Mwenzangu wa redio nyingine akaandika ya 88. Tulikuwa tumeketi benchi moja, tukitazama saa moja.

Hayo ya dakika na ya Yanga hayamnyimi mtu mbuzi. Turudi kikaoni.

Mwenyekiti alishikilia daftari. Hoja yake ilikuwa kwamba uamuzi ni wa kamati, bango ni tangazo tu, na mtu mwenye akili timamu hawezi kuamini kwamba aliyeshindwa anapewa mbuzi wengi kuliko aliyeshinda. Nahodha alijibu bila kupaza sauti. Alisema bingwa alikuwa na kombe na jezi. Wao waliona kamati imetaka kumfidia wa pili kwa nyama, na wapakiaji hawana haja ya kombe, hawana hata kabati la kuliweka. Kisha akaweka kidole kwenye picha. Bango hilo, alisema, limeandika WATATU mstari wa pili na WA TATU mstari wa tatu. Aliyeandika alijua tofauti. Angekuwa hajui, angekosea kote.

Kikao kilinyamaza. Ilikuwa hoja nzuri kuliko zote zilizotolewa jioni ile, na ilikuwa imejengwa juu ya nafasi tupu isiyozidi upana wa punje ya mchele.

Nilipoulizwa nasema nini, nilisema nahodha ana haki kuliko kamati. Bado naamini hivyo. Daftari la kikao halikuonwa na timu yoyote. Bango ndilo lililowafanya walipe Sh 50,000. Anayetangaza zawadi hubeba maana ambayo msomaji wa kawaida ataipata, na msomaji wa kawaida anapoona “watatu” hana sababu ya kufikiri vingine. Ile ya “mtu mwenye akili timamu” haina nguvu: watu wenye akili timamu zaidi ya mia walipita mbele ya bango wiki tatu, nikiwemo mimi, na hakuna aliyekwenda kumuuliza mwenyekiti kama amechanganyikiwa. Simu pia haiisaidii kamati, kwa kuwa mwenyekiti ndiye aliyeongeza “kama ilivyoandikwa.”

Lakini haki haizai mbuzi. Mmoja alipendekeza bingwa apunguziwe, apewe mmoja na wapakiaji wawili. Wawakilishi wa bodaboda waliinamisha vichwa. Wa kwanza alikuwa ameliwa usiku ule ule wa Jumapili. Wa pili, walisema, bado yupo, ila pilipili zimeshanunuliwa.

Tuliishia hapa: wapakiaji wamchukue mbuzi wao mmoja, warudishiwe kiingilio chote, na kamati iwaombe radhi kwa maandishi. Mimi nikaongeza kreti ya soda kwa niaba ya kinywa changu. Nahodha alikubali baada ya kutoka nje na wenzake karibu robo saa. Barua ya radhi aliiandika katibu pale pale, na kabla ya kuisaini nahodha aliisoma mara mbili, polepole, akifuatisha kwa kidole. Iliandikwa “mbuzi mmoja.” Hakuna namna ya kuikosea hiyo.

Tangu siku hiyo nimebadilisha mambo mawili kazini. Hewani, kila panapokuja mnyama au mtu asiyebadilika umbo, naingiza kitenzi au naligeuza neno. “Mbuzi wa tatu atakwenda” haiwezi kusikika kama “mbuzi watatu watakwenda”. Kile kiambishi a- kilichokuwa katika daftari la katibu ndicho kilichofanya sentensi yake iwe safi, na ndicho bango lilichokikosa. Mara nyingine nasema tu “mbuzi aliyebaki.” Katika maandishi natumia tarakimu: “mbuzi 3” ni wingi, “mbuzi wa 3” ni cheo, na hakuna binti wa stesheneri atakayeunganisha herufi na tarakimu. Ila namwonya kila anayenisomea habari kwamba “nafasi ya 2” husomwa “ya pili.” Nimeshasikia “nafasi ya mbili” hewani, na si mara moja.

Mwaka huu katibu alinitumia rasimu ya bango nilipitie kabla halijakwenda kuchapwa. Amejifunza kwelikweli. Zawadi zote zimewekwa tarakimu na maneno: MSHINDI WA 2: MBUZI 1 (MMOJA). Nikampongeza. Chini kabisa, kwa bidii ile ile ya tarakimu, ameandika: FAINALI: JUMAPILI YA 2 AGOSTI.

Mwaka huu Agosti 2 imeangukia Jumapili. Jumapili ya pili ya mwezi ni tarehe 9. Nimemwandikia kumuuliza ni ipi, naye amejibu: “Ndiyo hiyo hiyo ya pili, kaka.” Kesho napanda bodaboda kwenda kumuona ana kwa ana, na kalenda nimeichukua.